Klabu "inayojifanya" kumsajili mchezaji

Mhariri,

Dirisha la usajili likifunguliwa, kurasa za michezo hujaa habari zilizotafsiriwa kutoka magazeti ya Hispania, na humo haikosi klabu "inayojifanya kumsajili" mchezaji fulani. Klabu haijifanyi. Habari ya asili imesema "pretende ficharlo", yaani imekusudia kumsajili. Mfasiri kaona "pretender", kakumbuka "pretend" ya Kiingereza, kageuza nia ya kweli kuwa maigizo.

Maana huamuliwa na kinachofuata kitenzi hiki. Kikifuatwa na kitenzi kisichobeba nafsi, ni kukusudia: "pretendo viajar", nakusudia kusafiri. Usichomeke "a" katikati. Kikifuatwa na "que" (kwamba), mtendaji ni mwingine, na mara nyingi kuna kero ndani yake. "Pretende que pague yo" ni "Eti anataka nilipe mimi!" Ukiandika "anakusudia nilipe" umeiacha lawama njiani. Angalia pia kwamba "paga" imekuwa "pague", kama vile "lipa" inavyokuwa "nilipe"; hapo Mswahili ana nafuu kuliko Mwingereza.

Mchezaji "pretendido por tres clubes" anawaniwa na klabu tatu. "Pretendiente" ni mposaji, au anayedai kiti cha enzi. Ama kikifuatwa na jambo lililokwisha kutendeka, maana hugeuka: "pretende haberlo visto" ni "anadai kuwa alikiona", na anayesimulia ana shaka naye. Waliozoea "prétendre" ya Kifaransa, kama wenzetu wa Bukavu na Bujumbura, shimo lao ni hili: hutia "kudai" hata pasipodaiwa kitu.

Kujifanya kwa Kihispania ni "fingir", au "hacerse" katika misemo kama "hacerse el dormido", kujifanya umelala. Mwanamke ni "hacerse la dormida". Na "sin pretenderlo" ni bila kukusudia, wala si "bila kujifanya".

Wanaoandika wenyewe kwa Kihispania wakumbuke kuwa shina halivunjiki: "entender" hutoa "entiende", lakini hiki ni "pretende", kamwe si "pretiende".

Lililo zito zaidi kwa dawati la michezo ni kutenga "pretender" na "intentar" (kujaribu). "Intentó ficharlo" ina maana klabu ilishajaribu, pengine ofa ilitumwa ikakataliwa. "Pretende ficharlo" ni nia. Huenda hata simu haijapigwa. Anayetia "imejaribu" pote pawili ametangaza ofa ambayo haipo.

Mfasiri wa Kihispania,
Dar es Salaam