Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: wito wa kurudisha pikipiki ufuate chesisi, usifuate jina

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Masasi. Mimi ni fundi pikipiki, kibanda changu kiko chini ya mwembe kando ya barabara. Nakuandikia kwa sababu ya waya mmoja mwembamba kuliko penseli.

Msimu wa korosho uliopita kijana wa kijiwe cha jirani alikuwa anateremka kutoka Newala, amempakia mama mmoja na mwanawe mgongoni. Kwenye kona alikata usukani kushoto, injini ikavuma kama mtu aliyevuta mafuta mpaka mwisho. Hakuwa amevuta. Aliachia mkono, akseleta haikurudi. Akakanyaga breki, lakini injini ikawa inasukuma mbele wakati yeye anazuia. Alipokata ufunguo walikuwa wameshatoka barabarani. Mtoto alisalimika. Mama alivunjika mkono, na kijana alivunjika mtulinga.

Pikipiki ililetwa kwangu juu ya guta. Kila aliyesimama pale kibandani alisema ni mwendo kasi. Ndivyo bodaboda anavyohukumiwa siku zote, hata kabla hajaulizwa. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, bega limefungwa, akaniambia neno moja tu: "Fundi, ilikwenda yenyewe."

Nilimwamini, Mheshimiwa, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia. Miezi kadhaa nyuma mkulima mmoja alikuja na pikipiki ya aina ileile, akalalamika kwamba akseleta inang'ang'ania. Nilifungua kabureta, nikakuta vumbi, nikasafisha, nikamrudishia na kumwambia apunguze mwendo. Sikutazama zaidi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Safari hii nilishusha tangi. Waya wa akseleta unapita kwenye shingo ya fremu, kisha unaingia chini ya tangi kuelekea kwenye kabureta. Kwenye pikipiki hii ulikuwa mfupi kidogo kuliko inavyotakiwa. Usukani ukiwa umenyooka huoni kitu. Ukiukata kushoto, waya unavutika, na injini inapokea mafuta ambayo dereva hakuyaomba. Kwa kuvutika kila siku ganda lake lilikuwa limelika pale linapogusa shingo, nyuzi za ndani zimeanza kukatika moja moja, na ncha za nyuzi hizo zinakwama kwenye ganda. Springi iliyoko ndani ya kabureta, ambayo kazi yake ni kurudisha kila kitu chini ukiachia mkono, haina nguvu ya kushindana na nyuzi zilizokwama. Niliushika ule waya nikauvuta kwa vidole, ukaenda. Nilipouachia ukabaki hapohapo.

Nikampigia simu yule mkulima, akaleta ya kwake. Pahali palepale, mkwaruzo uleule. Nikawaomba vijana wa vijiweni wenye aina hiyo wapite. Pikipiki 7 zilipita kibandani kwa wiki mbili, na 5 kati ya hizo zilikuwa na ganda lililolika kwenye shingo, nyingine ndiyo kwanza linaanza. Ndipo nikajua kwamba si vumbi la Masasi wala si uendeshaji wa vijana. Kasoro ilitoka nayo kiwandani.

Naomba ulione hili kwa jicho la fundi. Kila mmoja wetu, Masasi, Nachingwea, Mtama, Tandahimba, anaiona pikipiki moja moja. Anaitengeneza, anapokea elfu zake chache, maisha yanaendelea. Hakuna anayejua kwamba mwenzake wilaya ya pili ameitengeneza hiyohiyo jana. Bila kukusudia, sisi tunaotengeneza ndio tunaoificha kasoro. Hakuna mahali pa kupeleka neno letu, na hakuna anayekuja kutuuliza.

Nilikwenda kwa muuzaji. Akaniambia, kwa upole tu, kwamba kampuni inalijua jambo hilo, na waya mrefu zaidi umeshaletwa. Uko Dar es Salaam na unabadilishwa bure. Mwenye pikipiki aende nayo, pamoja na kadi ya usajili yenye jina lake. Tangazo lilikuwapo kweli: karatasi moja ya Kiingereza, imebandikwa mlangoni mwa duka jijini. Alinionyesha picha yake kwenye simu.

Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Unamwambia mtu aendeshe chombo chenye akseleta inayogoma umbali huo ili akatengenezewe akseleta. Au aipakie kwenye lori, alipe nauli ya kwenda na kurudi, alale mjini, na siku zote hizo hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye pikipiki inamsubiri.

Lakini hata umbali si tatizo kubwa kuliko hilo la kadi.

Mheshimiwa, pikipiki huku kwetu haikai kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi. Vijana wengi wa vijiweni wanaendesha kwa mkataba: analipa kila siku, mwaka na zaidi, na mpaka amalize kadi inabaki kwa tajiri. Tajiri mwenyewe pengine yuko Mtwara mjini, pengine alimnunulia shemeji yake. Mkulima naye akilipwa fedha za mnada wa korosho ananunua pikipiki kwa mtu aliyenunua kwa mtu, anapewa kadi na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji, basi. Kubadilisha jina kunahitaji pesa na safari, anasema atafanya msimu ujao. Kwa hiyo anayekaa juu ya pikipiki, anayeweza kufa nayo, ndiye wa mwisho kuambiwa, na akiambiwa anaonekana si mwenye mali. Kijana wa Newala alipopiga simu alijibiwa hivyohivyo: tajiri wake aje.

Nimesoma jinsi wenzetu wanavyofanya. Marekani wana tume ya usalama wa bidhaa za walaji, iliyoanza kwa sheria ya mwaka 1972. Moja ya vyombo ambavyo vimewahi kuitwa virudishwe kwa sababu ya akseleta ni mashine za kuendesha juu ya theluji. Hazina magurudumu. Mbele zina vibao viwili vya kutelezea, nyuma mkanda mpana unaozunguka, na mafuta yanavutwa kwa kidole gumba. Ziko zinazofanya kazi, lakini nyingi ni za matembezi ya majira ya baridi. Hata hivyo akseleta ikionekana inaweza kugoma kurudi, tangazo linatoka hadharani: aina gani, zimeuzwa ngapi, hatari yenyewe ni ipi, acheni kuendesha mara moja, matengenezo ni bure. Sheria yao inaipa kampuni saa 24 kuiarifu tume ikishapata habari za kasoro inayoweza kumuumiza mtu vibaya.

Wao pia wana tatizo la mkono wa pili, barua inakwenda kwa mnunuzi wa kwanza wakati mashine imeshahamia kwa mwingine. Lakini mwenye mashine leo anatazama namba iliyogongwa kwenye fremu, anaipeleka kwa wakala, na namba ikiwa ndani ya orodha anatengenezewa. Wito umefungwa kwenye chombo chenyewe. Hilo ndilo ninaloliomba kwako.

Namba hiyo, yaani ya chesisi, tunayo. Iko kwenye shingo ya fremu, hapohapo waya unapolika. Unafuta tope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, unaisoma. TRA, mamlaka ya mapato, wanayo tangu siku pikipiki iliposajiliwa na kupewa kibao cha MC. Anayefanya biashara ya bodaboda kihalali anaomba leseni LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Laini zetu za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Mkulima wa korosho anasajiliwa ili apate salfa, dawa ya mikorosho. Sijui kama kuna Watanzania wanaofikika kirahisi kuliko sisi, kama kuna anayetaka kutufikia.

Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji, iko chini ya wizara yako. Shirika la Viwango pia liko kwako. Ukaguzi wa bandarini nauheshimu, lakini unatazama kitu kipya, na waya huu ukiwa mpya hauna kosa. Unahitaji miezi ya barabara zetu, ukate kona mara elfu, ndipo ganda liishe. Kasoro ya namna hii haionekani kwa mkaguzi, inaonekana kwa fundi. Tupeni basi mahali pa kuipeleka: namba moja ya simu isiyolipiwa, na mtu upande wa pili anayeandika namba ya chesisi na kulinganisha na zilizotoka wilaya nyingine.

Na kampuni ikikiri kasoro, iagizwe kutoa wito kwa Kiswahili, redioni, vijiweni, kwenye vyama vya msingi siku za mnada ambapo kila mtu yupo. Iambiwe kwamba mwenye pikipiki ni anayekuja nayo, alimradi chesisi iko kwenye orodha. Waya hauna hata kilo moja. Unaweza kupanda basi kuja Masasi, na fundi akaufunga kwa muda usiozidi saa mbili. Zilizobaki dukani zisiuzwe mpaka zifungwe waya mpya. Hili la mwisho halihitaji maelezo.

Kwa vijana watakaoisoma barua hii kabla yako: akseleta ikigoma, bana klachi kwanza, kisha zima injini kwa swichi au ufunguo, ndipo ushughulike na breki. Wale ambao swichi zao zimekufa waje, nitazifunga, nalipwa bei ya swichi tu.

Yule mama wa Newala plasta imetolewa, lakini mkono haujanyooka vizuri na bado hawezi kuinua ndoo. Kijana amerudi barabarani kwa pikipiki ileile, kwa sababu mkataba haujaisha. Waya wake niliubadilisha kwa wa pikipiki ya aina nyingine, ambao ni mrefu zaidi, nikaupitisha mbali na shingo na kuufunga kwa utepe wa mpira. Kila Ijumaa anapita naukagua.

Namba za chesisi za zile 7, tarehe zilipoingia kibandani, na nilichokikuta kwenye kila moja, nimeziandika kwenye daftari. Waya zilizolika nimezihifadhi pia, kila mmoja na karatasi yake. Ofisa wako yeyote akija Masasi aulize fundi wa chini ya mwembe, nitamkabidhi vyote.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi pikipiki, Masasi, Mtwara