Vidonge vya bakteria havirudishi figo

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika neno, lakini ile taarifa yenu kwamba vidonge vya "bakteria rafiki" vinatibu figo imenishinda kunyamazia. Mmeeleza nusu ya jambo, tena nusu isiyomfaa mgonjwa.

Protini iliyobaki bila kumeng'enywa ikifika kwenye utumbo mpana, bakteria huivunja na kutoa kemikali mbili, indoli na p-kresoli. Zikishafyonzwa mwili huzigeuza kuwa sumu za aina ya salfeti, na figo nzima huzitoa kwa mkojo. Figo zikichoka, sumu hizo hubaki kwenye damu. Mashine ya kusafisha damu nayo hupata tabu kuzitoa, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 zimeng'ang'ania albumini, protini ya damu ambayo haipiti kwenye chujio. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwapima wagonjwa wa mashine waliokwisha kuondolewa utumbo mpana, wakakuta sumu hizo ni kidogo mno. Kwa hiyo chanzo kinajulikana. Kwamba kidonge cha bakteria kinazuia figo kufa, hilo hakuna jaribio kubwa lililolithibitisha.

Sasa tazameni matokeo. Mgonjwa amekuja kliniki na ukurasa wenu mkononi, pamoja na kopo la unga wa "kusafisha utumbo", na vidonge vya presha ameviacha. Nyuma ya kopo, kwa herufi ndogo, pameandikwa mkaa na magnesiamu. Magnesiamu ni madini yanayotolewa na figo. Figo zikiwa hoi hujaa mwilini, mapigo ya moyo yakapungua na misuli ikalegea. Na huo mkaa? Japani wametumia mkaa maalumu wa kumeza, wa kunasa sumu hizo utumboni, tangu 1991, lakini majaribio mawili ya wagonjwa zaidi ya 2,000, yaliyochapishwa 2015, hayakuonyesha kwamba unachelewesha ugonjwa. Ikiwa ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo umeshindwa, huu wa kwenye kopo utaweza nini?

Na kliniki zetu nazo ziache kugawa ile karatasi ya "usile mboga, matunda wala maharage". Potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula hivyo, ni hatari kweli kwa mgonjwa wa figo, lakini mgonjwa akinyimwa nyuzinyuzi zote anafunga choo, kinyesi kinakaa siku nyingi, na bakteria waliokosa nyuzinyuzi wanageukia protini. Sumu inaongezeka.

Mfundisheni mgonjwa kupika. Viazi kuviloweka tu hakusaidii sana: vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, potasiamu hupungua karibu nusu, na vikikwaruzwa kabla ya kuchemshwa, karibu robo tatu. Mchicha uchemshwe, ukamuliwe, supu yake isinywewe. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe, bila magadi, maana yana sodiamu. Choo kikigoma, amwombe daktari laktulosi, dawa ya kulainisha choo. Isabgol, yale maganda ya mbegu ya kulainisha choo, inadai glasi nzima ya maji, na aliyepimiwa maji ya kunywa hana glasi ya ziada.

Naomba mchapishe kisanduku chenye maelekezo haya, na mstari wa kwanza useme: usiache dawa ya presha. Kiwekwe ukurasa uleule wa tatu mlikoweka picha ya vidonge, kwa herufi zilezile kubwa.

Mtaalamu wa lishe ya wagonjwa wa figo,
Morogoro