Barua ya wazi kwa mpwa wangu, kuhusu Alexander Pope

Mpwa wangu mpendwa,

Uliposema juzi kwamba Alexander Pope, mshairi wa Uingereza, hakuwa ila mtu mwenye ulimi mchungu aliyejaliwa vina, nilinyamaza kwa kuwa wageni walikuwa wamejaa sebuleni. Neno hilo limenikaa moyoni, nami nimeona nikujibu kwa maandishi.

Alizaliwa London mwaka 1688, mwana wa mfanyabiashara wa kitani aliyekuwa Mkatoliki, wakati ambapo sheria za Uingereza ziliwafungia Wakatoliki milango ya vyuo vikuu, kwa hiyo sehemu kubwa ya elimu yake aliitafuta mwenyewe vitabuni. Utotoni kifua kikuu kilimshika uti wa mgongo kikampinda, na hata utu uzima ulipomfika kimo chake kilikuwa kama futi nne na nusu tu. Baadaye ilibidi kila asubuhi afungwe kizibao kigumu cha turubai ndipo aweze kukaa wima. Maadui zake walimchora kwa umbo la nyani mwenye kibyongo, wakaichapisha picha hiyo ili watu wacheke. Ukali wa shairi lake The Dunciad la mwaka 1728, ambamo waandishi wabovu wanatawaliwa na malkia Upumbavu, siutetei wote. Nasema tu kwamba ulikuwa na chanzo.

Tena, tashtiti yake iliyompa jina haikuzaliwa na chuki. Kijana wa kikabaila, Lord Petre, alimkata Arabella Fermor shungi la nywele bila ridhaa yake, familia mbili zikanuniana, na John Caryll, rafiki wa pande zote, akamwomba Pope atunge jambo la kuwachekesha ili wapatane. Ndipo likatoka shairi la The Rape of the Lock mwaka 1712, akalipanua mwaka 1714. Mchezo wa karata unasimuliwa humo kama vita vya mashujaa wa kale, na juu ya meza ya kujipambia ya msichana, poda, Biblia na barua za mapenzi zimelundikana katika mshororo mmoja. Mshororo huo peke yake unatosha kukuonyesha nyumba nzima.

Wewe unayetunga tarbia unaijua taabu ya mizani. Yeye alifuata mizani kumi, mishororo ikienda miwiliwili kwa kina kimoja, na kwa umbo hilo akaitafsiri Iliad yote, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, kati ya 1715 na 1720. Wasomaji walijiandikisha na kuilipia, naye akaishi kwa kalamu yake bila kumpigia magoti mfadhili. Rasimu zake aliziandika nyuma ya barua alizotumiwa, karatasi isipotee bure, akifuta na kurudia.

Nakuomba usome waraka wake wa kishairi kwa Dkt. Arbuthnot, tabibu na rafiki yake, uliochapishwa mwaka 1735. Baada ya kuwachapa wabaya wake mmoja mmoja, anageuka ghafla kuomba aachiwe kazi ya kumbembeleza mama yake mkongwe kama mtoto kitandani, ili mzazi huyo mmoja akawie kidogo kwenda mbinguni. Mama mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1733. Mwanawe aliyaacha maneno yale vilevile, kana kwamba bado yu hai chumba cha pili.

Mjomba wako