Beringi mpya haiponyi ekseli iliyolika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie makala ya ufundi mliyoichapisha hivi karibuni, iliyowaeleza wenye trela za boti namna ya kukarabati habu iliyoharibika, yaani kitovu cha gurudumu kinachozunguka juu ya beringi. Sehemu kubwa ya ushauri ule ni sahihi, na ni vyema gazeti limekigusa kifaa ambacho wengi hukikumbuka siku gurudumu linapochomoka barabarani. Hata hivyo, makala ile ilimwacha msomaji akiamini kwamba habu ikishawekwa beringi mpya kazi imekwisha, na pale ilipoizungumzia ekseli, ilishauri kwamba ncha yake iliyolika, yaani sehemu inayovikwa beringi, ipigwe nukta nukta kwa pansi (kipande cha chuma kilichochongoka kinachogongwa kwa nyundo) ili beringi ikaze. Mimi ni fundi wa kazi hii, na ushauri huo siwezi kuupitisha kimya.

Trela ya boti ina adui ambaye trela nyingine hazikutani naye mara kwa mara. Gurudumu linaposafiri, habu hupata joto na hewa iliyomo ndani yake hutanuka. Dereva akifika kwenye mteremko wa kushushia boti huirudisha trela majini papo hapo. Maji huipoza habu kwa ghafla, hewa hunywea, na mvuto unaotokea huyafyonza maji kupitia sili ya nyuma, ule mpira unaozuia grisi kutoka na maji kuingia, hasa ikiwa mdomo wake umeshachakaa. Maji hayo huchanganyika na grisi mpaka ikawa na rangi ya maziwa, na trela ikiegeshwa wiki kadhaa, kutu huanza pale pale rola, vile vyuma vya mviringo vinavyobingirika ndani ya beringi, zilipokigusa kikombe, yaani ringi yake ya nje. Ukiifungua habu ya namna hiyo na kukipangusa kikombe, utaona mistari myeusi iliyojipanga kwa umbali uleule uliopo kati ya rola na rola. Katika safari inayofuata, rola hupita juu ya vishimo hivyo bila kukoma, chuma humomonyoka, joto hupanda, na grisi iliyoyeyuka huacha michirizi upande wa ndani wa rimu.

Mpaka hapo ekseli bado ni nzima. Huanza kuumia pale rola zinapojibana, kwa sababu ringi ya ndani ya beringi, ambayo ilipaswa kutulia juu ya ncha ya ekseli, sasa inazungushwa pamoja na gurudumu, na chuma chake kigumu kinasaga chuma cha ncha kilicho laini zaidi. Kipenyo cha ncha hupungua, mikwaruzo hujitokeza, na joto huacha rangi zake: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 230 hivi za Selsiasi, kisha buluu linapokaribia nyuzi 300. Fundi anayeuona mkanda wa buluu kwenye ncha, halafu akaufutilia mbali kwa msasa na kuingiza beringi mpya, hajakarabati kitu.

Ncha hupimwa kwa maikromita, kifaa cha kupima vipenyo kwa usahihi mkubwa. Katika ekseli nyingi za trela ndogo zenye uwezo wa pauni 3,500, yaani karibu kilo 1,590, beringi ya ndani hukalia kipenyo cha milimita 35 na ya nje milimita 27, kwa makadirio. Pima kwa pande mbili zinazokingamana, maana ncha hulika zaidi upande wa chini unaobeba mzigo, na kipimo cha upande mmoja pekee kinaweza kukudanganya. Beringi mpya inapaswa kuteleza juu ya ncha kwa kusukumwa na vidole, lakini ikishafika mahali pake isicheze juu wala chini.

Sasa nirudi kwenye pansi. Kila nukta inayopigwa huinua kijilima kidogo cha chuma pembeni yake, na ringi ya beringi hukalia vilele vya vijilima hivyo badala ya kukalia ncha yote. Gerejini itaonekana kazi imekaza vizuri. Barabarani, vilele hivyo vichache vinabeba mzigo wote, vinasagika, na ulegevu unarudi pale pale ulipokuwa. Lililo baya zaidi ni kwamba kila nukta ni mwanzo wa ufa, na imepigwa mahali ambapo ekseli inapindwa na mzigo kila gurudumu linaporuka kwenye shimo. (Wapo pia wanaoviringisha bati la kopo kwenye ncha ili kuziba nafasi, hao hata makala yenyewe haikuwatetea.)

Mikwaruzo midogo, ambayo ukucha haukwami ndani yake, husawazishwa kwa tupa laini na msasa na ncha ikaendelea kutumika. Kama mfereji umechimbika pale tu mdomo wa sili unapogusa, zipo bangili nyembamba za chuma cha pua zinazovishwa mahali hapo ili sili ipate uso mpya. Bila bangili hiyo, sili mpya itavuja mara moja. Lakini ikiwa kiti chenyewe cha beringi kimelika, uamuzi unakuwa mzito. Kujaza kwa kuchomelea kisha kukereza kwenye mashine kunarudisha kipimo, ila joto la kuchomelea hubadilisha chuma kilicho jirani, na ufa hupenda kuanzia hapo hapo kwenye bega la ncha. Kukata ncha na kuchomelea nyingine kunawezekana kwa ekseli ya bomba, mradi ncha mpya inyooke sawasawa na mwenzake, la sivyo matairi yatalika upande mmoja. Kwa ekseli zenye mipira ndani badala ya springi, moto wa kuchomelea karibu na mipira huiharibu, na kwa chuma kilichopakwa zinki, moshi wake humdhuru anayeuvuta. Kwa maoni yangu, ekseli iliyolika kwenye kiti cha beringi ibadilishwe nzima.

Anayeagiza ekseli mpya asiagize kwa kukadiria. Achukue umbali kutoka uso wa habu moja, pale rimu inapokaa, hadi uso wa habu ya pili. Umbali kati ya katikati ya springi na springi. Unene wa bomba. Uwezo wa uzito. Pamoja na idadi na mpangilio wa bolti za gurudumu. Ekseli nyingi zimepindwa kidogo, na upindo huo hutazama juu. Ukiifunga kinyume, magurudumu yataegemea vibaya.

Habu nayo ikaguliwe kwa ukali huohuo. Kikombe kikiingia ndani yake kwa kusukumwa na mkono tu, habu hiyo imekwisha, hata ikipakwa rangi. Kikombe na rola zake hubadilishwa pamoja, kikombe kipigiliwe kwa kipande cha shaba mpaka mlio wa nyundo ubadilike, ishara kwamba kimefika chini. Grisi iwe ile inayohimili maji, isichanganywe na ya zamani ya aina nyingine, na ishindiliwe kati ya rola mpaka itokeze upande wa pili. Nati ya ncha ya ekseli hukazwa huku habu ikizungushwa ili beringi zikae, kisha hulegezwa, halafu hurudishwa kwa vidole tu kabla ya kutia pini mpya ya kuifungia. Wengi huharibu beringi mpya hapa, kwa kuiacha nati ikiwa imekazwa kwa spana kana kwamba ni bolti ya springi.

Trela ikishatoka gereji, nati za magurudumu zikazwe upya baada ya kilomita 16, 40 na 80, na dereva asimame ashike kila habu: inayounguza mkono ina tatizo. Afikapo majini, aziache habu zipoe kabla ya kuzizamisha.

Naomba basi gazeti lichapishe masahihisho kuhusu ile pansi, kwa kuwa si ajabu kuna msomaji aliyekwisha kuikata makala ile na kuibandika ukutani mwa karakana yake.

Wako,
Fundi wa trela, msomaji wa siku nyingi