Wapinga vita wasome hesabu hadharani

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu iliyouliza fedha za makundi yanayopinga vita zinatoka wapi. Ni swali halali, ila lisigeuzwe fimbo ya kuwachapa waandamanaji. Waliojaa barabara za London Februari 15, 2003 kupinga vita vya Iraq hawakuwa watu wa kununuliwa; harakati kama zile hutegemea sana michango ya wanachama na vyama vya wafanyakazi. Nasi Lamu, tulioonja mashambulizi ya kuua watu mjini Mpeketoni mwaka 2014, tunajua kwa nini mtu hutoka kudai amani. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinalinda maandamano ya amani.

Hata hivyo, anayechangisha sokoni au msikitini awasomee waliochanga hesabu: kimeingia kiasi gani, kimetumika wapi. Vikundi vyetu vianze sasa, kabla ya kulazimishwa.

Msomaji,
Langoni, Lamu.