Fedha za taka za urani ziwekwe kando kabla ya mgodi

Mhariri,

Nimechimba visima miaka 22, Uyole, Igurusi hadi Chimala. Naomba nafasi niseme juu ya taka za urani, madini yanayozalisha umeme wa nyuklia.

Kuna kijiji nilichochimbia kisima cha pampu ya mkono. Wananchi walikubaliana kulipa shilingi 50 kwa ndoo, iwe akiba ya matengenezo. Wakalipa miaka minne, akina mama wakifungua sarafu kwenye pindo la kanga. Mwaka wa tano mipira ya pistoni ikaisha, pampu ikawa inatoa upepo tu. Vipuri havikufika hata laki mbili, lakini akiba haikuwepo. Ilikwishatumika kwa mambo mengine. Wakarudi mtoni.

Marekani wamefanya hayo hayo. Tangu 1983 watumiaji wa umeme wa nyuklia walikatwa sehemu ya kumi ya senti kwa kila uniti, ili serikali izike mabaki yake yenye mionzi chini ya ardhi. Iliahidi kuanza kuyapokea mwaka 1998. Mabilioni ya dola yakaingia Mlima Yucca kule Nevada, mahali palipochaguliwa kwa shimo hilo, kisha serikali ya Obama ikausimamisha mradi. Mabaki bado yako kwenye mitambo, na serikali imeshazilipa kampuni za umeme fidia ya zaidi ya dola bilioni 10. Mwananchi amelipa mara mbili, na shimo hana.

Finland mfuko wao ulianza 1988, na kazi inaonekana. Olkiluoto walianza kuchimba 2004, wakashuka zaidi ya mita 400 kwenye mwamba mgumu. Mabaki yatakaa ndani ya mitungi ya shaba iliyozungushiwa bentonaiti. Udongo huo naujua kwa mikono yangu. Ukiuloweka kwenye ndoo jioni, asubuhi umevimba na kuwa kama ugali mzito, na maji hayapenyi. Sisi tunazibia nao pembeni mwa bomba la kisima.

Kwetu kuna urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Mwamba wa urani ukisagwa huacha tope lenye radiamu, kitu chenye mionzi ambacho hupungua nusu kwa miaka 1,600. Mwekezaji atakuwa ameondoka zamani sana. Na maji ya Mkuju huishia Rufiji, huko huko yanakokwenda ya Chimala kupitia Ruaha.

Kwa hiyo naiomba serikali: fedha za kulifunika na kulilinda tope hilo zilipwe na mwekezaji kabla ya kuuza kilo ya kwanza, zikae kwenye akaunti yake peke yake, na salio lisomwe bungeni kila bajeti. Zisichanganywe na mapato mengine hata kwa siku moja.

Kile kijiji kimepata pampu nyingine mwaka huu. Safari hii akaunti ina watia saini watatu, mmoja wao mama muuza mboga, na salio linabandikwa kila mwezi kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Watu wa Namtumbo nao wabandikiwe la kwao.

Mchimba visima,
Uyole, Mbeya