Kwa Mwanangu, Kuhusu Silikanti na Visukuku

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniandikia kwamba mwenzako wa bwenini anashikilia kuwa silikanti wanaonaswa huku kwetu Tanga wamekwisha kuivunja nadharia ya mageuko, ile isemayo viumbe wa leo wametokana na wa kale kwa kubadilika polepole, nawe ukakosa la kumjibu. Hoja yake si ya kupuuzwa, kwani ni kweli kwamba wataalamu walimjua samaki huyo kwa visukuku tu, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, na wakaamini alitoweka miaka ipatayo milioni 66 iliyopita, hadi mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho, alipomkuta mmoja katika shehena ya meli ya uvuvi huko East London, Afrika Kusini. Na tangu mwaka 2003 wavuvi wetu wamekuwa wakimpandisha kwa jarife wanazotega kilindini kwa ajili ya papa. Lakini nadharia haikusema popote kwamba ni lazima awe amekufa. Kilichoanguka ni dhana ya lini alitoweka, na hata hivyo silikanti wa leo si wa jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za karibu, na wale wa mawe.

Akitaka hoja nzito zaidi ya kuipinga nadharia, mpe ya nyayo za Poland, ila aanze na Tiktaalik. Mwaka 2004, kaskazini mwa Kanada, wachimbaji wa visukuku walimpata huyo Tiktaalik, samaki mwenye shingo na mapezi yenye mifupa inayofanana na ya mkono, aliyeishi miaka milioni 375 iliyopita. Miamba ile waliichagua makusudi, kwa kuwa umri wake ulilingana na kipindi walichotarajia kumpata samaki anayeelekea kuwa mnyama wa miguu minne. Kisha mwaka 2010 zikatangazwa nyayo za wanyama wa miguu minne kutoka Zachełmie, huko Poland, za miaka kama milioni 390, yaani za kale kuliko Tiktaalik mwenyewe. Wapo wanaobisha kwamba si nyayo hata kidogo, lakini tuzikubali: basi Tiktaalik si babu wa hao wenye miguu, bali ni ndugu wa ukoo aliyebaki na umbo la kale. Tarehe zimesogea, ila samaki bado wametangulia, na mamalia bado wamekuja baadaye sana.

Kingeivunja nadharia kitu kingine, mathalani mifupa ya sungura, mfano unaonasibishwa na mwanabiolojia J.B.S. Haldane, ndani ya miamba iliyotangulia hata samaki wenyewe, iwe imelala humo tangu mwamba ulipofanyika, wala isiwe ya kughushi kama fuvu la Piltdown huko Uingereza, lililodaiwa kuwa la binadamu wa kale hadi ulaghai wake ulipofichuliwa mwaka 1953. Mimi mfupa mmoja usingenitosha. Ningetaka mingine, kutoka machimbo mengine. Muulize mwenzako kama anao.

Wasalaam,
Baba yako